Jirani asema taa zangu za Ramadhani zinameza tokeni

Assalaam aleykum Halati,

Mimi ni mama wa watoto watatu, twakaa Kisauni kwenye nyumba ya kupanga, ghorofa ya pili. Mume wangu yuwaendesha tuktuk, na mamake twakaa naye. Sisi na nyumba ya chini twatumia mita moja. Tulikubaliana tokeni ikiisha kila upande watoa nusu. Jirani wa chini ni mtu mzuri, sina neno naye. Ana friza yake, yuwauza barafu za ukwaju na juisi, na Ramadhani ndiyo biashara yake huchangamka zaidi.

Mwaka jana nilinunua taa za vimulimuli, zile za rangi rangi, nikazitandaza sebuleni na kwenye roshani ili watoto wafurahi. Tulikuwa twaziwasha tangu Maghribi mpaka daku. Kumi la pili stima ikazimika watu wakiwa na vijiko mkononi, kuangalia mita, tokeni imekwisha. Jirani akapanda ngazi palepale: "Mataa yako ndiyo yamemeza tokeni!" Mume wangu, kuondoa ugomvi, akazing'oa usiku uleule. Watoto walilia. Tangu hapo mkwe wangu hakosi kunikumbusha kuwa mapambo ni israfu, na kwamba wao walifunga kwa taa ya chemni na saumu zao zilikuwa saumu.

Sasa mwezi wakaribia tena, na binti yangu mkubwa, ana miaka tisa, asema safari hii atafunga wote. Nataka nyumba imwonyeshe kuwa ni mwezi mkubwa. Nimedunduiza shilingi 3,000, zaidi ya hapo sina. Pia dada yangu aliye Marekani amenitumia katoni nzima ya taa alizozipata kwa bei ya kutupa baada ya Krismasi. Ni nyeupe, nzuri, nyingi mpaka basi, ila plagi zake za ajabu. Mume wangu asema nikiziwasha hizo tutalala giza mwezi mzima. Mwenye nyumba naye hataki kuona msumari ukutani.

Nisaidie Halati. Kweli taa ndogo vile zaweza kumaliza tokeni? Nitumie za dada au ninunue zangu? Za sola je? Na huyu jirani nimwambie nini?

Mama wa Watatu, Kisauni

*

Waaleykum salaam mwanangu,

Kabla ya jingine lolote, usiichomeke hata moja ya taa za dada yako. Nia yake ni njema, lakini umeme wa majumbani Marekani ni volti 120 na wetu ni 240. Taa iliyotengenezewa umeme wa kule ukiitia kwenye soketi ya hapa inapata mara mbili ya inachoweza kubeba. Ukiwa na bahati balbu zitaungua kwa sekunde moja na mambo yaishe. Ukikosa bahati, waya utaanza kuyeyuka nyuma ya pazia. Dukani watakuuzia adapta ya kuingiza yale meno mawili bapa kwenye soketi yetu. Hiyo hubadilisha umbo la meno tu, volti zinabaki zilezile 240. Transfoma ya kushusha umeme ipo, ila kwa bei yake ungenunua taa mpya na chenji ibaki.

Ipekue hiyo katoni hata hivyo. Ukikuta zenye kichwa cha USB, hizo ni halali yako, kwa kuwa hutumia volti 5 kutoka kwenye chaja ya simu, na volti 5 ni zilezile ulimwengu mzima. Nyingine zifunge uziweke. Na ndugu yeyote akikuuliza akuletee taa kutoka wapi, mwambie Dubai au Maskati. Kule umeme unalingana na wetu na hata plagi ni hii hii ya meno matatu.

Sasa tuje kwenye tokeni. Hili swali lina jibu la hesabu, wala si la kubishania ngazini.

Kila kifaa kimeandikwa wati zake. Zidisha wati kwa saa unazowasha, ugawe kwa 1,000, umepata uniti. Bei ya uniti usimuulize mtu: fungua ujumbe wa tokeni yako ya mwisho, chukua pesa mliyolipa ugawe kwa uniti mlizopewa, na humo kodi na tozo zote zimeshaingia. Mimi hapa nitakisia shilingi 30 kwa uniti ili tuelewane.

Taa za mapambo ni za aina mbili. Zipo za kizamani, zenye kijiwaya ndani ya kila kibalbu kinachowaka kwa kupata moto. Uzi wa balbu 100 za namna hiyo hula karibu wati 40, na sehemu kubwa ya umeme huo huishia kuwa joto, jambo ambalo Mombasa hatuna shida nalo la kuongezewa. Halafu zipo za LED. Uzi wa idadi ileile hula kama wati 5.

Tuseme mwaka jana ulikuwa na nyuzi nne za kizamani, Maghribi mpaka daku, saa 11 hivi. Hizo ni wati 160, yaani uniti 1.76 kwa usiku, karibu shilingi 53. Mwezi mzima ni karibu shilingi 1,600. Kwa hali hiyo jirani yako hakusema uongo. Lakini nyuzi nne za LED kwa saa zilezile ni shilingi 200 hivi kwa mwezi. Na ukiziwasha kwa saa nne tu, kuanzia adhana ya Maghribi mpaka watu wanaporudi kutoka tarawehe, gharama ya mwezi mzima haifiki shilingi 75. Pasi moja ya wati 1,200 ikinyoosha kanzu za Ijumaa kwa nusu saa imeshakula kuliko taa hizo kwa wiki nzima.

Ulichonunua mwaka jana ni kipi kati ya hivyo viwili, hukuandika. Zitoe ulikozificha. Kama ndani ya kibalbu unaona kijiwaya, na ukiziwasha dakika kumi zinakuwa za moto ukizigusa, hizo ni za kizamani, zitupe. Kama zimebaki baridi, ni LED, na hapo kesi inageuka.

Kwa sababu, mwanangu, umeitaja friza ya barafu kwa mstari mmoja ukapita, na mimi nimesimama papo hapo. Friza ya kawaida hula uniti moja kwa siku au zaidi, na inayojazwa ukwaju wa uvuguvugu kila mchana na kufunguliwa kila mteja akibisha hodi hula zaidi ya hapo. Sisemi ukamwambie. Nasema wewe ujue, ili usitembee umeinamisha kichwa nyumbani kwako kwa ajili ya vimulimuli.

Kuna jambo kubwa kuliko taa na friza, na sidhani mmoja wenu amelitazama. Kwa madaraja ya bei yaliyoanza Aprili 2023, nyumba inayotumia hadi uniti 30 kwa mwezi ina bei yake ya chini, kuanzia 31 hadi 100 ina yake, na inayopita 100 hulipa ya juu. Daraja hupangwa kwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba mbili na friza ya biashara kwenye mita moja zitaivuka 100 mkiwa mmelala, kisha nyote wawili mnalipa bei ya juu kwa kila uniti, hata ile ya kuchajia simu. Mkiwa na mita mbalimbali, huenda wewe ungebaki katikati. Hilo ni la kumfuata mwenye nyumba awaombee Kenya Power mita ya pili. Akivuta miguu, fundi anaweza kufunga mita ndogo ya ndani upande mmoja. Hiyo haitashusha daraja, lakini itaonyesha nani ametumia nini, na ugomvi wa ngazini utakosa chakula.

Kununua. Katika zile 3,000, taa zenyewe zisipite nusu. Muulize muuzaji azichomeke, ziwake zote, kisha uzipinde waya pale unapoingia kwenye plagi. Zikimeta na kuzima hapo, rudisha. Soma kibandiko: kiandike 220 hadi 240 V, kiandike wati, na utafute alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya. Pasipo wati zilizoandikwa mimi sinunui, hata akiniapia.

Angalia pia usichukuliwe na neno LED peke yake. Zile stripu bapa za kubandika, zinazowekwa kwenye dari za saluni, ni LED kweli, lakini za vibalbu vikubwa 60 kwa kila mita hula wati 14 hivi kwa mita. Mita tano ni wati 72, ambazo ni sawa na nyuzi 14 za vimulimuli. Vijana wanazipenda. Wewe ziache.

Za betri je? Kwa kitu kidogo cha siku mbili tatu, sawa. Kwa mwezi, hapana. Ili upate uniti moja ya umeme kutoka betri ndogo za rimoti utahitaji zaidi ya 200. Na zipo taa ndogo za urembo zinazotumia betri bapa mfano wa kifungo. Kama mdogo wako bado anatia vitu mdomoni, hizo zisivuke kizingiti chako. Betri ile ikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa mbili.

Kwa hiyo sebuleni weka za USB, mbili au tatu. Mtoto akishika waya hana hatari, na stima ikipotea unazihamishia kwenye pawa benki. Chagua nyeupe ya kuelekea manjano. Ile nyeupe ya kuelekea buluu huifanya sebule ifanane na duka la dawa, na vyakula vya futari huonekana kama vimelala. Zile za kubadilika rangi na kukimbizana zina kitufe, ziweke kwenye kuwaka tu bila kumeta. Mkwe wako atakushukuru, japo hatasema.

Roshani iachie sola. Ghorofa ya pili Kisauni, kama hapana mwembe wala ghorofa la jirani linalokukinga, jua unalo. Kibao chake kiwe nje kabisa, si nyuma ya kioo, kielekee pale jua linapokaa muda mrefu zaidi. Kila wiki ukipanguse kwa kitambaa chenye maji matamu, maana vumbi na chumvi ya upepo wa bahari hutanda juu yake usione. Za bei rahisi hufifia baada ya msimu mmoja, na watu huzitupa. Mara nyingi kilichokufa ni kile kijibetri cha kuchajiwa ndani yake. Fungua skrubu, kama ni cha kutoka, nunua kingine cha namna ileile.

Chochote kinachokaa nje kiwe na alama ya IP44 au zaidi, ndiyo ionyeshayo kuwa kinahimili kurushiwa maji. IP20 ni ya ndani tu. Kwa sasa una bahati ya majira. Mwaka 2022 mfungo uliingia mapema Aprili, masika yakibisha hodi, lakini kwa kuwa kila mwaka mwezi hurudi nyuma siku kama 11, sasa umeingia kwenye kaskazi. Mvua si tatizo kubwa. Chumvi ndiyo tatizo, hula shaba kwenye maungio mpaka ikawa kijani, na hapo taa huanza kuwaka nusu. Maungio yote yafiche ndani ya nyumba.

Mapambo yenyewe sasa, sehemu niliyokuwa naisubiri. Msumari hauna haja nao. Una nondo za dirisha, una fimbo ya pazia, una reli ya roshani. Funga kwa uzi. Vile vibandiko vya kunata sivipendekezi, kwa unyevu wetu huu na rangi za nyumba za kupanga, alfajiri utavikuta sakafuni pamoja na kipande cha ukuta, na mwenye nyumba atakuwa na la kusema.

Usitandaze taa kila mahali. Uzi mmoja mbele ya kioo unaonekana kama nyuzi mbili. Kama una kioo kikubwa chumbani, kilete sebuleni kwa mwezi mmoja. Nenda soko la Kongowea ukaombe pakacha kuukuu zilizobebewa maembe, aghalabu hupewa kwa shilingi chache. Pangusa, geuza juu chini, tia uzi wa LED ndani, ning'iniza kwenye fimbo ya pazia. Ukuta mzima utajaa vivuli vya makuti, na hakuna duka la mapambo linalouza kitu kizuri kama hicho. LED tu lakini. Kuti kavu na balbu ya moto havikai pamoja.

Chupa za jamu na asali mnazo. Huyo binti wa miaka tisa mpe karatasi nyeusi na mkasi, akate mwezi na nyota, azungushie chupa, atie ndani kijiuzi cha taa, amepata fanusi. Na kwa kuwa safari hii anafunga mwezi wote, mwache yeye ndiye abonyeze swichi kila siku adhana ikilia. Atakuwa na kitu cha kukingojea kuanzia saa tisa, wakati ule ambapo kiu huwa mbaya zaidi. Leso ukitaka kuzitumia kama pazia la nyuma, sawa, ila adapta ya taa isifunikwe na nguo, kwa kuwa hata LED ikiwa baridi adapta yake hupata joto. Ekstensheni moja isichomekwe kwenye nyingine. Taima ya soketi kama utaipata kwa pesa iliyobaki, inunue. Itazima saa nne hata kama nyote mmesinzia.

Mkwe wako. Mimi si shehe na sitatoa fatwa. Neno lake la israfu lina uzito na wewe walijua, ndiyo maana limekukaa moyoni. Lakini ana haki ya kuona hesabu kama mtu mwingine yeyote. Mwambie ni chini ya shilingi 100 kwa mwezi mzima, na uone uso wake. Kisha fanya jambo moja: uzi wa kwanza kabisa ufunge kwenye ukingo wa ngazi. Umesema mko ghorofa ya pili. Mwanamke wa umri wake hushuka na kupanda ngazi ya nyumba ya kupanga gizani kila akienda tarawehe. Taa ya ngazini ikimwonyesha pa kukanyaga, hata yeye hawezi kuiita israfu, na jirani wa chini anapita hapohapo.

Ambaye ndiye tunamalizia kwake. Usingoje tokeni iishe. Juma moja kabla ya mwezi kuandama, shuka na sahani ya chochote, umwonyeshe kile kibandiko chenye wati, umtolee shilingi 100 juu ya nusu yako ya kawaida, useme hii ni ya taa zangu, mwezi mzima. Iwe mbele ya mumeo. Friza usiitaje. Mtu akishaona mwenzake amejipimia na kujilipia, mara nyingi huanza mwenyewe kupiga hesabu ya kilicho jikoni kwake. Asipopiga, Shawwal, mwezi unaofuata, ipo, na habari ya mita ya pili mtaizungumza mkiwa mmeshiba. Mkubaliane pia tokeni ijazwe zikibaki uniti kumi, isingojwe mpaka giza la daku.

Akikataa hata mia yako, basi ya nje ni sola, na za ndani zitegemee pawa benki. Ya mAh 10,000 huwasha uzi wa wati 5 kwa saa nne au tano, na mumeo anashinda kutwa juu ya chombo chenye betri na injini inayoichaji. Mfungie chaja ya USB kwenye tuktuk, aondoke nayo asubuhi, arudi nayo imejaa. Umkumbushe tu asiiache chini ya kiti akimkabidhi mwenzake zamu ya jioni.